Kifua Kisichopona: Ni Nani Awashaye Moto Ndani ya Mapafu?

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Ndugu mkulima, katika gazeti hili tumezoea kusema habari za ng'ombe, mbegu, mbolea na mikopo. Mwezi huu twataka kusema habari za chombo kimoja cha kazi ambacho hakiuzwi dukani wala hakikopeshwi na chama cha ushirika. Chombo hicho ni mapafu yako. Jembe likivunjika mpini, utachonga mpini mwingine. Mapafu yakiharibika hayana mpini wa kubadili.

Shamba la ekari 15 laweza kuachwa magugu ingawa mvua imenyesha vizuri na mbegu ipo ghalani. Sababu ni kwamba mwenye shamba hawezi kupanda kilima mpaka asimame mara tatu kutafuta pumzi. Mkewe naye akohoa kila asubuhi karibu na jiko, na mtoto wao akosa shule kwa sababu usiku kucha kifua kililia kama filimbi. Watu wa nyumba hiyo wamekwenda zahanati, wakapewa dawa, wakapata nafuu, wakaiacha dawa, na ugonjwa ukarudi. Mwishowe husema, "Ugonjwa huu hauna dawa, ndivyo tulivyoumbwa."

Wataalamu wa siku hizi wamekwisha kuona kwa nini ugonjwa wa namna hii hurudi. Ukiifahamu sababu hiyo, utafahamu pia kwa nini dawa fulani yapasa kuvutwa hata siku unayojiona mzima, na kwa nini hakuna dawa iwezayo kufanya kazi vizuri katika kifua kinachotiwa moshi kila siku. Kwa hiyo twakuomba usome polepole. Habari hii si ngumu, ila ni ya vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho.

Magonjwa Yenyewe

Magonjwa tunayoyasema ni matatu. La kwanza ni pumu, ambayo hubana kifua kwa vipindi, kisha ikaachia. La pili ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao huja polepole kwa miaka mingi, hasa kwa wavuta sigara na kwa wanawake waliopikia kuni katika jiko lisilo na bomba. Huo hauachii, bali huongezeka. La tatu ni lile liitwalo pafu la mkulima, ambalo huletwa na vumbi la nyasi kavu au nafaka zilizoota ukungu.

Haya si mambo madogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa sababu yake. Ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa uliua watu milioni 3.5 katika mwaka 2021. Wengi wa wanaokufa kabla ya kufika miaka 70 ni watu wa nchi zisizo tajiri.

Magonjwa haya matatu hayafanani kwa kila jambo, lakini yana asili moja: ni moto usiozimika.

Moto Ufaao na Moto Uharibuo

Mwiba ukikuchoma kidoleni, baada ya muda kidole huvimba, huwa chekundu, hupata joto na kuuma. Hiyo si kazi ya mwiba, ni kazi ya mwili wako mwenyewe. Mwili umetuma askari wake, yaani seli nyeupe za damu, waende kupigana na vijidudu vilivyoingia na mwiba. Vita ikiisha, askari huondoka, uvimbe hupungua, na kidole hupona. Moto huo ni mwema. Asiyekuwa nao angekufa kwa kidonda kidogo.

Ndani ya mapafu moto huo huo huwashwa mtu anapovuta moshi, vumbi au vijidudu. Kuta za mirija ya hewa huvimba, makohozi huongezeka, na kwa mwenye pumu misuli iliyozunguka mirija hukaza. Mtu akiwa mzima, moto huzimika baada ya siku chache. Kwa mwenye ugonjwa sugu hauzimiki, na askari waliokuja kulinda nyumba hukaa humo mwaka mpaka mwaka, wakila akiba na kubomoa kuta.

Basi ni nani atoaye amri ya kuwasha, na ni nani asahauye kutoa amri ya kuzima?

Ofisi Ndani ya Seli

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli nyingi mno, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Karibu kila seli ina kiini, na ndani ya kiini mna uzi mwembamba sana uitwao DNA. Uzi wa seli moja ukinyoshwa wafika karibu meta 2. Juu yake yameandikwa maagizo kiasi cha 20,000 ya kutengeneza protini za mwili, na maagizo hayo ndiyo jeni ulizozirithi kwa baba na mama.

Mimi ni mtu wa ofisi, kwa hiyo nitachukua mfano wa ofisi. Kiini cha seli ni chumba cha mafaili, na kila jeni ni faili moja. Seli ya jicho na seli ya pafu zina mafaili yale yale. Zatofautiana kwa sababu katika seli ya jicho mafaili fulani yamefunguliwa, na katika seli ya pafu yamefunguliwa mengine. Faili lililofungwa halifanyi kazi yo yote, hata kama limeandikwa maneno makubwa namna gani.

Wafunguao na kufunga mafaili hayo ni protini ziongozazo jeni. Katika mwili wa mtu ziko aina zipatazo 1,600. Kila aina yajua mahali pake pa kushika kwenye uzi, kama karani ajuavyo rafu yake. Ikishika hapo, faili hunakiliwa, nakala hutoka nje ya kiini, na seli hutengeneza kitu kilichoagizwa. Tuziite makarani, ili tusichoke na majina marefu.

Karani Aliyezuiliwa Mlangoni

Karani mkubwa wa habari zetu aligunduliwa mwaka 1986 huko Cambridge, Massachusetts, katika Marekani. Waliomgundua ni Ranjan Sen na David Baltimore, nao walimpa jina la herufi, NF-kB. Wakati ule walikuwa wakichunguza seli zitengenezazo kinga ya damu, wala hawakuwa wakifikiri juu ya mapafu. Baadaye ilionekana kwamba karani huyu yumo karibu katika kila seli ya mwili, na kwamba yeye ni mmoja wa wakubwa katika kuwasha moto wa uvimbe.

Siku za kawaida NF-kB hayumo katika chumba cha mafaili. Yuko nje, ameshikwa na mlinzi. Mlinzi huyo ni protini nyingine iitwayo IkB, na habari zake zilitolewa mwaka 1988 na Baltimore pamoja na Patrick Baeuerle. Maadamu mlinzi amemshika, karani hawezi kuingia na mafaili ya vita hubaki yamefungwa.

Sasa vuta moshi, au pumua vumbi la ukungu. Kuta za seli za mapafu zahisi hatari na kupeleka habari ndani. Habari hiyo humtia mlinzi alama, na mlinzi mwenye alama huvunjwavunjwa na seli yenyewe. Karani huachiliwa, huingia katika kiini, na kufungua mafaili ambayo hesabu yake yafika mamia. Faili moja huagiza protini iitwayo TNF, ambayo hueneza habari ya vita kwa seli za jirani. Jingine huagiza IL-8, ambayo huwaita askari weupe kutoka katika damu. Yote hayo huanza kwa muda wa dakika chache tu.

Angalia tena hekima iliyomo. Katika mafaili afunguayo karani huyu, mojawapo ni la kumtengeneza mlinzi wake mwenyewe upya. Yaani akiisha kutoa amri za vita, huandika pia barua ya kuitwa arudishwe nje. Mlinzi mpya huingia, humshika, humtoa, na mafaili hufungwa. Hivyo ndivyo moto wa mtu mzima uzimikavyo wenyewe.

Kwa Nini Hauzimiki

Shida huja hatari inapobisha hodi kila siku. Mvuta sigara huvuta asubuhi, mchana na jioni. Mama ampikiaye mumewe na watoto kwa kuni mbichi katika jiko lisilo na dirisha huvuta moshi mara tatu kwa siku, miaka 30 mfululizo. Kila mara mlinzi huvunjwa kabla karani hajapumzika. Madaktari walipochukua vipande vidogo vya ndani ya mirija ya hewa ya wavuta sigara na wagonjwa wa ugonjwa sugu, walimkuta NF-kB ndani ya viini kwa wingi kuliko kwa watu wazima wa afya.

Askari weupe walioitwa hubeba vimeng'enya vikali vya kuyeyushia vijidudu. Wakikaa muda mrefu bila adui, vimeng'enya hivyo huila nyama ya pafu lenyewe. Kuta za vifuko vidogo vya hewa hutoboka, na vifuko vingi vidogo huwa kimoja kikubwa kilicholegea, kama neti ya mbu iliyochanika. Kuta zilizokwisha kuliwa hivyo hazijengwi tena kwa dawa yo yote iliyopo sasa. Hii ndiyo sababu ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa hauachii. Usingoje pumzi ikatike ndipo utafute shauri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta huu haujengeki.

Katika pumu yuko na karani mwingine, aitwaye GATA3. Huyu hukaa katika seli fulani za kinga, na mafaili yake huagiza protini ziitwazo IL-4, IL-5 na IL-13. Moja huwafundisha askari kuchukia vitu visivyo na madhara kama chavua ya maua na vinyesi vya wadudu wa kitandani. Nyingine hukuza askari wa namna ya pekee ambao hujaa katika mirija ya wenye pumu. Nyingine tena huongeza makohozi. Kwa hiyo mwenye pumu aweza kubanwa na kitu ambacho jirani yake akipumua hahisi neno. Si udhaifu wa moyo wala si kurogwa. Ni faili lililofunguliwa pasipo haja.

Pafu la Mkulima

Ugonjwa huu wapasa kusemwa peke yake katika gazeti la wakulima. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Kiitalia, aliandika kitabu juu ya magonjwa ya mafundi na wafanya kazi mwaka 1700, na humo alisema jinsi wachekechao na kupima nafaka wanavyokohoa na kuishiwa pumzi. Mwaka 1932 daktari Campbell wa Uingereza alieleza wagonjwa wake waliougua baada ya kushughulika na nyasi zenye ukungu.

Nyasi zikifungwa marobota kabla ya kukauka hupata joto zenyewe. Ukitia mkono katikati waweza kulihisi. Katika joto la sentigredi 50 hadi 60 husitawi vijidudu vipendavyo joto, na robota likifunguliwa baadaye hutoa vumbi jeupe. Vumbi hilo lina vijidudu hivyo kwa wingi mno, na ni vidogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya pafu.

Dalili huja saa 4 hadi 8 baada ya kazi, yaani jioni au usiku. Mtu hupata baridi, homa, kikohozi kikavu na kukosa pumzi. Kwa kuwa kazi ilikuwa asubuhi na homa imekuja usiku, wengi hudhani ni malaria au mafua. Wakipumzika siku moja au mbili hupata nafuu, wakarudi ghalani, na moto ukawashwa tena. Ikiwa hivyo miaka mingi, pafu huota makovu na kuwa gumu kama ngozi iliyokauka. Basi ukienda zahanati kwa homa ya namna hiyo, mwambie daktari kazi uliyoifanya siku ile. Asipoambiwa hawezi kujua.

Je, Vumbi Lote la Shamba ni Baya?

Hapana. Na hapa pana jambo la ajabu lipasalo kuwafurahisha wafugaji.

Huko Marekani wako watu wa dini mbili ambao asili yao ni nchi za milima ya Alpi katika Ulaya. Waamish wa Indiana hufuga ng'ombe wao karibu na nyumba na kulima kwa farasi, na watoto wao hucheza katika mazizi. Wahutterite wa Dakota Kusini hulima kwa mashine kubwa, na watoto wao hukaa mbali na mifugo. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, ilielezwa kwamba kwa Waamish watoto wenye pumu ni kama 5 katika 100, na kwa Wahutterite ni kama 21 katika 100.

Mwaka mmoja kabla yake, wataalamu wa Ghent katika Ubelgiji walionyesha sababu moja. Panya waliopumua vumbi kidogo kidogo la shamba la ng'ombe, siku moja baada ya nyingine kwa wiki mbili, hawakupata ugonjwa kama wa pumu walipojaribiwa baadaye. Seli za mapafu yao zilikuwa zimeongeza protini iitwayo A20, ambayo kazi yake ni kuizuia ile habari ya hatari isimfikie mlinzi wa NF-kB kwa nguvu. Panya walionyimwa A20 katika mapafu hawakupata kinga hiyo.

Basi mtoto kuzoea zizi safi lenye hewa si hatari, na huenda kukamfaa. Lakini usilichukue neno hili kuwa ruhusa ya kumpeleka mtoto kupukuchua mahindi yenye ukungu, au kumfunga mgongoni mbele ya moshi. Vumbi kidogo la zizi na wingu la kuvu ni mambo mawili, kama vile mvua ya masika na gharika ni mambo mawili.

Dawa Ifungayo Mafaili

Mwili una dawa yake ya kuzima moto, iitwayo kortisoli, itokayo katika tezi ndogo zilizo juu ya mafigo. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake huko Marekani walimdunga mgonjwa wa viungo dawa ya ukoo huo, na uvimbe ukapungua kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini wakati huo hakuna aliyejua dawa hiyo hufanyaje kazi.

Sasa yajulikana. Dawa huingia ndani ya seli na kumpata karani mwingine, ambaye ni kipokezi chake. Bila dawa karani huyu hukaa nje ya kiini. Akiipata dawa, kama mtu aliyepewa barua yenye muhuri, huingia katika chumba cha mafaili na kwenda mpaka pale NF-kB alipo. Hapo humleta msaidizi aitwaye HDAC2. Uzi wa DNA umeviringishwa juu ya protini za duara, kama kamba iliyoviringishwa juu ya gogo, na ili faili lisomwe lazima kamba ilegezwe. HDAC2 huikaza tena, na faili hufungwa.

Tangu mwaka 1972 dawa ya ukoo huu iitwayo beclometasone imepatikana katika kikopo cha kuvuta, ambacho wengi huita inhela. Hiyo ni faida kubwa, maana dawa kidogo yafika kifuani bila kujaza mwili mzima.

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo watu wengi wapoteapo. Viko vikopo vya namna mbili. Kimoja, ambacho mara nyingi ni cha rangi ya buluu, kina salbutamol. Dawa hiyo hulegeza misuli ya mirija, na mtu hupata pumzi kwa dakika chache, nafuu ikadumu saa kama 4 au 6. Lakini haifungi faili hata moja. Kingine, ambacho mara nyingi ni cha rangi ya kahawia, ndicho cha kufunga mafaili. Ukikivuta leo hutaona neno leo. Kazi yake huonekana baada ya siku na wiki. Kwa hiyo mtu hukipenda cha buluu kwa kuwa kimemfaa mbele ya macho yake, na cha kahawia hukitupa akisema hakina nguvu. Anafanya kama mtu afungulaye madirisha ili moshi utoke, lakini hauzimi moto. Siku moja moshi utakuwa mwingi kuliko madirisha. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu husema kwamba mtu mzima mwenye pumu asitibiwe kwa dawa ya kulegeza misuli peke yake.

Wengine huogopa wakisema, "Nikianza kuvuta nitazoea, sitaweza kuacha." Dawa hii si kama pombe wala bangi, haishiki mtu kwa tamaa. Yahitajika kila siku kwa sababu makarani wa pumu hawalali. Dawa ikikoma, mafaili hufunguliwa tena, ingawa mwenyewe hajahisi neno bado.

Breki Iliyovunjwa na Moshi

Utauliza, ikiwa dawa hii hufunga mafaili, mbona haimfai sana mgonjwa wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa? Swali hili liliwasumbua madaktari muda mrefu. Mwaka 2005 Kazuhiro Ito, Peter Barnes na wenzao wa London walitangaza waliyoyaona katika mapafu ya wagonjwa. Yule msaidizi HDAC2 alikuwa amepungua, na kadiri ugonjwa ulivyozidi ndivyo alivyozidi kupungua. Moshi humharibu. Basi kipokezi huingia na barua yake, afika penye faili, lakini hana mtu wa kukaza kamba.

Wataalamu walidhani wamepata njia. Katika maabara, dawa ya zamani iitwayo theophylline, ikitiwa kidogo, ilimrudishia HDAC2 nguvu. Wakaijaribu huko Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 1,500, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018. Haikupunguza vipindi vya kuzidiwa. Lililofaa katika chupa ya maabara halikufaa katika kifua cha mtu.

Twakuambia habari hiyo ili uone jambo moja wazi. Breki ikivunjwa na moshi, hakuna fundi aliyekwisha kuithibitishia dunia kwamba aweza kuitengeneza. Lakini kuizuia isivunjwe ni kazi iwezekanayo, nayo haingoji daktari wa ng'ambo. Yaanza nyumbani kwako.

Mambo ya Kufanya

1. Acha sigara na kiko. Hata aliyevuta miaka 20, akiacha leo pafu lake litaharibika polepole kuliko la asiyeacha.

2. Tengeneza jiko lenye bomba la kutoa moshi nje, na dirisha upande wa pili. Kuni zikaushwe kabisa, maana kuni mbichi ni moshi mtupu. Mwenye ng'ombe wachache na maji karibu amwulize Bwana Shamba juu ya gesi ya samadi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Watoto wadogo wasifungwe mgongoni wakati wa kupika.

3. Kausha nyasi mpaka zitoe sauti ya ukavu ndipo uzifunge marobota. Robota lenye joto ndani au harufu ya ukungu lisifunguliwe ndani ya zizi. Lifungulie nje, simama upande utokako upepo, na funika pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi.

4. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Usiyekuwa na kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, kisha tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi na yatapata kuvu. Ghala kavu ni faida ya mfuko na ya kifua pamoja.

5. Mwenye kikohozi kilichopita wiki mbili aende zahanati apimwe. Kifua kikuu pia huanza kwa kikohozi, na dawa zake ni nyingine kabisa. Usijitibu kwa kikopo cha jirani.

6. Ukipewa dawa ya kuvuta ya kila siku, ivute kila siku. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kuvuta, maana dawa nyingi huishia mdomoni. Baada ya kuvuta, sukutua kwa maji na kuyatema, usije ukaota utando mweupe ulimini.

7. Vidonge vya ukoo huo huo, kama prednisolone, ni vikali kuliko dawa ya kuvuta. Vikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari ya damu. Usivinunue mwenyewe, na ukiisha kuvitumia wiki nyingi usiviache ghafula pasipo shauri la daktari.

8. Ukikitumia kikopo cha buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, hiyo ni dalili kwamba moto waendelea ndani. Rudi kwa daktari. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi apelekwe hospitali saa ile ile.

Wataalamu wanaendelea kutafuta dawa za kumshika karani mmoja mmoja. Mwaka 2015 huko Ujerumani walijaribu kwa watu 40 wenye pumu dawa ya kuvuta ya kumzuia GATA3, na ikapunguza kule kubana kujako saa kadhaa baada ya kupumua kitu kinachomdhuru mgonjwa. Huo ulikuwa mwanzo tu. Wala haiwezekani kumwua NF-kB kabisa, maana yeye ndiye alindaye mapafu yasiliwe na vijidudu. Kazi ni kumpa nafasi ya kupumzika.

Nafasi hiyo waweza kumpa wewe mwenyewe: jiko lenye bomba, ghala kavu, na dawa ya kahawia asubuhi na jioni ukiwa umeandikiwa. Wiki hii kabla hujafunga nyasi wala kupukuchua mahindi, tazama paa la jiko lako. Likiwa jeusi tititi kwa masizi, ujue kwamba vifua vya waliomo vimekwisha kupata fungu lao.